Ramani ya shamba lako ikae kwako

Isome Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1115 mwanzo hadi mwisho, hutakuta kifungu kinachompa amri mkulima wa Rombo, Karagwe au Mbinga. Anayeamriwa ni mwagizaji wa Hamburg au Antwerp. Ndiye atakayejaza tamko katika mfumo wa Tume ya Ulaya kabla mzigo haujatoka forodhani, ndiye atakayepigwa faini, na ndiye atakayenyang'anywa kahawa ikibainika ilitoka katika shamba lililofyekwa msituni. Ila mwagizaji huyo ana mwanasheria, na mwanasheria anajua kuhamisha mzigo kwa kalamu. Ndiyo maana chama cha msingi kilichoko Kagera kinaletewa mkataba wenye kifungu kirefu cha Kiingereza kinachosema muuzaji anathibitisha, anahakikisha, na atafidia.

Makala hii ni kwa mwenyekiti anayetakiwa kutia saini hapo, kwa meneja wake, na kwa mwanachama atakayekuja kuulizwa alama za GPS za shamba lake. Hoja yangu kubwa ni moja: taarifa za mashamba zikusanywe na chama, zitunzwe na chama, mnunuzi apewe nakala. Njia nyepesi ni kinyume chake. Kampuni inayonunua inaleta vijana wenye tableti, wanapima mashamba bila kutoza hata shilingi, wanaondoka na kila kitu. Msimu unaofuata anakuja mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, anaomba ramani, na chama hakina cha kumpa. Ramani ziko kwa yule wa kwanza. Hapo huna tena soko, una mnunuzi mmoja.

Tuimalize sheria yenyewe haraka. Wafanyabiashara wanaiita EUDR. Inahusu bidhaa saba: kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitokanavyo navyo kama ngozi, chokoleti na samani. Chai haimo. Korosho, ufuta na parachichi navyo havimo, kwa hiyo akija mtu kukuuzia cheti cha EUDR cha korosho, shika mfuko wako. Kwa kweli Umoja wa Ulaya hautoi cheti cha EUDR cha bidhaa yoyote, hata kahawa. Vyeti vya Fairtrade, Rainforest Alliance au kilimo hai vinamsaidia mwagizaji kupata ushahidi, lakini havichukui nafasi ya uhakiki anaotakiwa kuufanya mwenyewe.

Anachotakiwa kuhakiki ni mambo mawili kabla ya kujaza tamko. La kwanza, kwamba kahawa haikulimwa katika ardhi iliyokuwa msitu na ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. La pili, ambalo watu wengi hulisahau, kwamba ilizalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka: za ardhi, mazingira, kazi, kodi, haki za watu. Shamba ambalo halijagusa mti hata mmoja linaweza kuangukia hapa kwa sababu liko ndani ya mpaka wa hifadhi, au kwa sababu watoto wanaacha shule msimu wa kuchuma.

Tarehe ya kuanza imeyumba sana, na kuyumba huko kumewalegeza watu. Sheria ilipitishwa 2023 ili ianze kutumika mwishoni mwa Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Desemba 2025 ikasogezwa tena: kampuni kubwa na za kati zianze 30 Desemba 2026, ndogo na ndogo kabisa 30 Juni 2027, na Tume ya Ulaya ikaagizwa kuipitia upya kutafuta namna ya kuirahisisha. Kila inaposogezwa nasikia pumzi ikishushwa kwenye vikao vya ushirika. Sioni sababu ya kuishusha. Katika kuahirisha kote huko, tarehe ya 31 Desemba 2020 haikusogea, wala sharti la kujua kahawa imetoka shamba gani.

Halafu kuna kosa moja la usomaji linaloweza kukugharimu msimu mzima. Watu wanasema, sisi ni wakulima wadogo, zamu yetu ni 2027. Hapana. Udogo unaozungumzwa ni wa kampuni inayoingiza bidhaa Ulaya. Ukiwa na ekari moja na nusu lakini kahawa yako inaishia kwa mwagizaji mkubwa wa Ujerumani, tarehe inayokuhusu ni yake. Piga na hesabu ya safari: kahawa ichumwe Agosti, ikobolewe, ipite mnadani au kwenye mauzo ya moja kwa moja, ipakiwe Tanga au Dar es Salaam, ivuke bahari. Iliyochumwa katikati ya mwaka 2026 inaweza kabisa kufika forodha ya Ulaya mwanzoni mwa 2027. Mwagizaji makini ataanza kudai alama za GPS mapema, na asiye makini atazidai kwa fujo wiki ya mwisho.

Sasa tuje kwenye msitu, maana hapa ndipo wakulima wetu wanaweza kuonewa bila mtu kukusudia. Tafsiri inayotumika inafuata ile ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayopita mita 5, na kivuli chake kinafunika zaidi ya asilimia 10. Kwa kipimo hicho peke yake, kihamba cha Uchagani ni msitu. Kuna mruka, mringaringa na migrevilea juu, migomba katikati, kahawa chini. Lakini kanuni hiyo inaondoa waziwazi ardhi inayotumika kwa kilimo, na inataja kilimo mseto cha mazao chini ya miti kuwa ni kilimo. Kihamba kilichokuwa kihamba mwaka 2020 si msitu kisheria.

Tatizo ni kwamba setilaiti haijasoma kanuni. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kimetoa ramani ya misitu ya dunia ya mwaka 2020, na ramani hiyo inaweza kukipaka kihamba rangi ya kijani ileile ya msitu wa asili. Mwagizaji akiweka alama yako juu ya ramani hiyo na kuona kijani, programu inampa onyo, naye kwa kuogopa faini anaweza kulitupa shamba lako nje bila hata kukuambia. Tume yenyewe imesema ramani hiyo ni nyenzo tu, haimfungi mtu kisheria. Mwagizaji ana ruhusa ya kutumia ushahidi mwingine. Kazi yako ni kuhakikisha ushahidi huo upo.

Ushahidi wa namna gani? Picha za shamba zenye tarehe na alama ya mahali, zikionyesha mikahawa mikubwa ambayo umri wake unaonekana kwa macho. Stakabadhi za mauzo ya kahawa za kabla ya 2021, hata zile zilizokunjamana kwenye kabati la chama. Mtu hauzi kahawa kutoka msituni. Rejesta ya wanachama ya zamani. Barua ya serikali ya kijiji au ya afisa ugani. Kwa vyama vya mlimani Kilimanjaro kuna hoja ya ziada: FAO imekitambua rasmi kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Haithibitishi shamba lako binafsi, lakini inamfundisha mtu wa Bremen kwamba miti mirefu juu ya kahawa huku kwetu ni ukulima wenyewe. FAO pia ina programu ya bure iitwayo Whisp, inayolinganisha alama zako na ramani kadhaa kwa pamoja. Chama kiipitishe orodha yake humo kabla mnunuzi hajafanya hivyo. Ni afadhali wewe uwe wa kwanza kuziona alama nyekundu, ukiwa bado una muda wa kutembea shambani na kamera.

Mashamba yanayopakana na hifadhi yapewe kipaumbele. Kilimanjaro ninawazungumzia walio jirani na ukanda wa nusu maili. Kwingineko, walio ukingoni mwa msitu wowote wa hifadhi, wa serikali kuu au wa kijiji. Hapo mita chache zinaamua kila kitu.

Hilo linatuleta kwenye upimaji. Kwa shamba la hekta 4 au pungufu, yaani ekari 10 kasoro kidogo, nukta moja inatosha. Likizidi hapo inatakiwa poligoni, mpaka mzima kuzunguka shamba. Wanachama wengi wako chini ya kiwango hicho. Baadhi ya wanunuzi hudai poligoni kwa kila mtu, na wana haki ya kuomba, lakini sheria haiwalazimishi na kuzunguka mashamba yote ni gharama. Mimi ningepima poligoni kwa walio jirani na msitu na kwa wenye mashamba makubwa, wengine nukta. Mwenye vipande vitatu vya kahawa apimwe vitatu; nukta iliyochukuliwa mlangoni mwa nyumba yake haitaji shamba lolote.

Makosa ya upimaji ni madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo. Chukua shamba karibu na Moshi: latitudo -3.3, longitudo 37.3, zikifuatiwa na tarakimu nyingine hadi zitimie sita baada ya nukta. Karani akisahau ile alama ya kutoa, shamba limehamia ukingoni mwa Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Akiibakiza alama lakini akabadilisha nafasi za namba hizo mbili, mkulima wa Kibosho sasa analima kahawa katika jimbo la Granada, kusini mwa Hispania. Mfumo wa Ulaya hautacheka. Utaona nchi iliyotajwa ni Tanzania na nukta iko kwingine. Vilevile, faili likifunguliwa kwenye kompyuta tarakimu za mwisho zinaweza kukatwa kimyakimya, na kuna wanaoziba pengo kwa kujaza sifuri. Usijaze sifuri. Anayepitia orodha akiona mashamba 40 yote yanaishia na sifuri nne, ataacha kuiamini orodha nzima, na atakuwa sahihi.

Simama katikati ya mikahawa, subiri simu itulie, piga nukta, piga na picha. Andika jina la mwanachama kama lilivyo kwenye rejesta, na kama ana namba ya usajili ya Bodi ya Kahawa, tumia namba hiyohiyo. Mwisho wa siku faili litolewe kwenye simu ya karani. Taarifa za chama kukaa kwenye simu binafsi ya mtu mmoja ni ugonjwa wa zamani wa ushirika kwa sura mpya: siku akiacha kazi, ameondoka na mashamba yenu.

Ramani nzuri haina faida kama kahawa inachanganyika ghalani. EUDR hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana, hata kwa uwiano wa magunia. Samaki mmoja akioza wote wameoza: shamba moja kati ya 600 yaliyotajwa kwenye tamko likiwa na kasoro na kahawa yake haiwezi kutengwa, mzigo wote ulioambatana na tamko hilo haustahili kuingia sokoni. Sheria inaruhusu kutaja mashamba mengi kuliko yale yaliyotoa kahawa halisi, na vyama vingi vitapenda kutaja wanachama wote ili kurahisisha kazi. Ni halali, ila aliyetaja anabeba dhamana ya kila alilolitaja. Mimi ningegawa loti kwa vijiji au kwa mitambo ya kuchakata kahawa mbivu, ili kasoro ya kijiji kimoja isiwazamishe wengine.

Na hapa niseme neno kuhusu butura ya Kagera na magoma ya Mbinga, kule kununua kahawa ikiwa bado mtini. Tumezoea kuikemea kwa sababu inampunja mkulima. Sasa imeongeza ubaya mwingine: aliyenunua mtini analeta kahawa ya watu kumi kwa jina lake, na mizani inaandika kilo ambazo shamba lake haliwezi kuzitoa. Mtu mwenye robo ekari akileta kahawa ya ekari tano, mkaguzi hahitaji setilaiti. Meneja alinganishe ukubwa wa shamba na kilo zilizopokelewa kabla loti haijafungwa, na karani wa mizani awe na mamlaka ya kuweka kando gunia lisiloeleweka.

Kuhusu hati za ardhi, kuna hofu inayozidi ukweli. Kanuni haisemi kila mkulima awe na hati. Inataka sheria za nchi zifuatwe, na sheria ya Tanzania, yaani Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila aambatanishe nakala. Asiye nayo, barua ya kijiji inayoeleza anavyolimiliki shamba ni ushahidi wa maana. Mnunuzi akisema bila hati hatununui, muulize kwa upole ni kifungu kipi.

Nchi nazo zimepangwa kwa madaraja ya hatari. Orodha ya Mei 2025 iliweka nchi nne tu daraja la juu: Belarus, Korea Kaskazini, Myanmar na Urusi. Kenya iko daraja la chini. Tanzania na Uganda ziko daraja la kawaida. Tofauti yake ni kwamba mamlaka za Ulaya zinatakiwa kukagua asilimia 1 ya waagizaji wa bidhaa za daraja la chini na asilimia 3 kwa daraja la kawaida, na mwagizaji wa kahawa ya Kenya anasamehewa tathmini ya hatari. Hasamehewi alama za GPS. Ndugu zetu wa Nyeri na Kirinyaga wasidanganyike na neno "chini".

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Ukiuza kwa masharti ya FOB, desturi ya biashara ni kwamba hatari ya mzigo inahama kutoka kwako ukishapakiwa melini. Kifungu cha EUDR kinaweza kuigeuza desturi hiyo bila kuitaja. Kikisema muuzaji anahakikisha kahawa inakidhi EUDR kikamilifu na atafidia hasara yoyote, basi dhamana yako imevuka bahari, imeingia Hamburg, na imefika hadi faini ambayo kiwango chake cha juu kwa kampuni kinaweza kufikia asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya, au zaidi. Hakuna chama cha msingi chenye pesa hizo.

Omba kibadilishwe. Unachoweza kukithibitisha kwa haki ni kwamba taarifa ulizotoa ni za kweli kwa kadiri unavyojua, tarehe ulipozitoa. Kuamua kama zinatosha kukidhi sheria ni kazi ambayo sheria imempa mwagizaji, na analipwa kuifanya. Fidia iwe na kikomo, isizidi thamani ya mzigo husika. Ukitokea mgogoro juu ya shamba fulani, upewe ushahidi walioutumia na muda wa kujibu, siku 15 za kazi ni ombi la kiungwana, kabla loti haijakataliwa. Iandikwe nani analipa gharama za kuhifadhi au kurudisha mzigo uliokwama kwa sababu mwagizaji mwenyewe amechelewa kujaza tamko. Iandikwe pia nani analipia upimaji; hakuna kifungu cha EUDR kinachomlazimisha mnunuzi kuongeza bei, kwa hiyo usipoomba hutapewa. Na usipite juu ya kifungu cha usuluhishi: mauzo mengi ya kahawa kwenda Ulaya hufuata mkataba sanifu wa kahawa wa Ulaya, ESCC, na mashauri husikilizwa katika mji wa Ulaya uliotajwa mkatabani. Jua ni mji gani kabla ya saini.

Kifungu ninachokijali kuliko vyote ni cha taarifa. Kiseme alama za mashamba ni mali ya chama na wanachama, mnunuzi anazitumia kwa kahawa ya mkataba huu tu na kwa muda ambao sheria inamtaka azihifadhi, ambao ni miaka 5, wala hazimpi haki ya kununua peke yake. Hapa sheria ya nyumbani iko upande wako. Alama ya GPS iliyofungwa na jina la mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023. Kenya na Uganda zina sheria za namna hiyo tangu 2019. Sheria inakata pande zote mbili: chama nacho kikikusanya kinatakiwa kujisajili kwa tume inayosimamia sheria hiyo, na kumweleza mwanachama kwa Kiswahili chepesi kinachukuliwa nini na kinapelekwa wapi.

Kuna watakaosema tuachane na Ulaya, tuuze Japani, ambako jina la Kilimanjaro lina heshima kubwa. Uzeni Japani kwa kadiri mnavyoweza. Lakini wasafirishaji wengi wa kahawa nje ya nchi hununua kwanza na kutafuta soko baadaye, na kahawa yenye alama za GPS ina milango yote miwili. Isiyo nazo ina mmoja, na bei yake itapangwa hivyo.

Kama mashamba yenu yalishapimwa na mnunuzi, andikeni barua leo. Ombeni nakala ya faili la ramani la GeoJSON la mashamba yote ya wanachama, tarehe ya upimaji, na maelezo ya matokeo ya uchambuzi wowote wa msitu uliofanyika, ndani ya siku 30. Barua isainiwe na bodi, na iambatanishwe na orodha ya wanachama waliotia saini kila mmoja kwa shamba lake, kwa sababu haki ya kuona taarifa zinazokuhusu ni ya mtu binafsi, na kampuni inayoweza kupuuza barua moja ya mwenyekiti hupata tabu kupuuza saini 300. Wakikaa kimya, pimeni upya, mkianza na mashamba ya ukingo wa hifadhi kabla kuchuma hakujaanza.